Riwaya za vijana kuhusu jamii zinazokataza hisia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina mbili: wanaosoma riwaya hizi na kutaka kuelewa kinachowashika, na wanaotaka kuandika za kwao. Nimeyachanganya makusudi. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache kwa sababu hayahitaji zaidi.

Distopia ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni hadithi ya jamii ya kubuni ambayo mtu aliipanga iwe njema, ikaishia kuwa gereza. Neno lenyewe ni kinyume cha utopia, jina ambalo Thomas More alikipa kisiwa chake cha kufikirika mwaka 1516. Tofauti iko hapo kwenye "aliipanga". Tetemeko likibomoa mji na watu wakaanza kugombania maji, hiyo ni hadithi ya maafa. Distopia inataka kamati. Inataka mtu aliyekaa mezani, akakuna kichwa, akaamua kwa nia safi kabisa kwamba binadamu wataishi vizuri zaidi wakipunguziwa kitu fulani. Katika tawi tunalolizungumzia hapa, kitu hicho ni hisia.

Nani alianzisha wazo la kukataza hisia?

Hakuna mtu mmoja wa kubebeshwa sifa hiyo, ila mnyororo unaonekana. Mrusi Yevgeny Zamyatin aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1920 riwaya ijulikanayo kwa Kiingereza kama We. Watu wake wana namba badala ya majina, nyumba zao ni za kioo, na dola inagundua upasuaji wa kuondoa njozi kichwani. Ilitoka New York kwa Kiingereza mwaka 1924. Nchini mwake haikuchapishwa hadi 1988. Mwaka 1932 akaja Aldous Huxley na Brave New World, ambamo mtu akianza kuingiwa na simanzi anameza kidonge kiitwacho soma, yakaisha.

Hizo ziliandikiwa watu wazima. Kwa vijana, mlango ulifunguliwa hasa na The Giver ya Lois Lowry, ya mwaka 1993: mvulana wa miaka 12 anateuliwa kuwa mtunza kumbukumbu za jamii nzima, yeye peke yake abebe rangi, vita na maumivu ambayo wenzake wameondolewa. Baada yake zikafuata nyingi, mojawapo Delirium ya Lauren Oliver (2011), ambamo mapenzi ni ugonjwa na kila raia hutibiwa anapofikisha miaka 18.

Kwa Kiswahili, ile hila ya kuipeleka jamii mbali ili tuione vizuri si ngeni. Katama Mkangi aliitumia kwenye Walenisi (1995), na ukilifumbua jina hilo unapata "wale ni sisi". Si riwaya ya tawi hili, lakini anayetaka kuandika distopia kwa Kiswahili na hajaisoma, aanzie hapo.

Kwa nini mhusika mkuu ni kijana kila mara?

Mtoto mdogo akilia hubembelezwa. Mtu mzima akitaka kulia hufunga mlango. Kijana yuko katikati: jana aliruhusiwa, leo anaambiwa "umeshakuwa mkubwa, jikaze". Hakuna aliyemweleza nini kimebadilika usiku ule. Riwaya hizi huchukua hilo "jikaze" na kuligeuza sheria ya nchi, yenye askari na adhabu, ndiyo maana msomaji wa miaka 15 haelezwi mara mbili.

Mwili nao una mchango wake. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupima mambo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo katika ujana injini imeshawaka na breki bado zinafungwa. Serikali yoyote inayoogopa hisia ingeanza na umri huo, na waandishi wanalijua hilo: angalia ni riwaya ngapi zina sherehe ya kutimiza miaka 12, 16 au 18.

Hisia huzuiwa kwa njia gani?

Kwa dawa, kwa kisu, kwa sheria au kwa malezi.

Dawa ndiyo njia ya mkato. Mhusika anaacha kumeza, siku tatu baadaye anaanza kuona rangi ya maua. Imetumika mno. Kidonge kikitokea ukurasa wa kwanza, msomaji anajua kitatemwa kabla ya ukurasa wa hamsini.

Kisu kinatisha zaidi kwa sababu kimewahi kutumika kweli. Mwaka 1935 nchini Ureno, daktari Egas Moniz alianzisha upasuaji wa kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine, ili kuwatuliza wagonjwa wa akili. Mwaka 1949 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Wagonjwa wengine walitulia kweli. Wengine walitulia kupita kiasi, wakabaki wazito, wasiojali chochote, na ndugu waliowapokea nyumbani hawakujua wamempokea nani. Dawa mpya za miaka ya 1950 ndizo zilizousukuma upasuaji huo pembeni. Mwandishi akitaka kamati yenye nia njema na matokeo ya kuogofya, hana haja ya kubuni mengi.

Malezi ndiyo njia ninayoipenda, na ndiyo isiyotumiwa sana kwa sababu haina kifaa cha kuonyesha. Mtoto anaanguka. Mama anasimama hatua mbili mbali, mikono mgongoni, anamtazama. Mtoto analia. Mama hasogei. Mtoto ananyamaza, ndipo mama anapoinama kumwinua na kumpangusa magoti. Rudia mara mia mbili, huhitaji kiwanda cha vidonge.

Mtu asiye na hisia si angefikiri vizuri zaidi?

Hivyo ndivyo kamati inavyowaambia watu, na riwaya nyingi zinakubali bila kuuliza: kwamba jamii isiyohisi ingekuwa katili, sawa, lakini yenye kwenda kama saa. Sidhani.

Daktari wa neva Antonio Damasio, katika kitabu alichokitoa mwaka 1994, anasimulia kuhusu mgonjwa aliyeharibika sehemu fulani ya mbele ya ubongo. Akili ya kupiga hesabu na kujieleza ilikuwa nzima. Damasio akamtajia tarehe mbili za miadi ijayo achague moja. Mgonjwa akatoa shajara akaanza kupima: siku hii ina shughuli ile, siku ile hali ya hewa huenda ikawa hivi, na hiki, na kile. Ikapita karibu nusu saa. Mwishowe daktari akamwambia aje ile tarehe ya pili. Akajibu kwa utulivu kwamba ni sawa, akaenda zake.

Kumbe hisia ni sehemu ya mizani yenyewe. Ndiyo inayosema "basi, inatosha, chukua hiki". Iondoe, mtu anabaki na sababu zote mkononi na hana pa kuziweka. Sijasoma bado riwaya ya vijana inayolitumia hili ipasavyo: mji mzima umeganda mbele ya rafu mbili za mkate, kila mtu akiorodhesha faida na hasara, huku spika zikitangaza kwamba uzalishaji unaendelea vizuri.

Lakini si kweli kwamba hasira, wivu na chuki ndivyo vinavyoleta vita?

Ni kweli, na riwaya isiyokubali hilo haina nguvu. Hapa ndipo nyingi zinapoangukia.

Mwandishi mchanga huanza na jibu mkononi: hisia ni nzuri, serikali ni mbaya. Kisha anaujaza mji maafisa wenye nyuso za mawe, na kurasa mia tatu baadaye anatuthibitishia tulichokuwa tunakijua. Jiulize badala yake: waliopitisha sheria hii waliumizwa na nini? Watu hawaamki siku moja wakakubali kutowapenda watoto wao. Kuna kitu walikiona. Labda jirani alimchinja jirani kwa maneno yaliyotiwa chumvi redioni. Labda kizazi kizima kiliwazika wadogo zake kwa sababu ya kisasi kilichorithiwa, ambacho hakuna aliyekumbuka chanzo chake. Bibi wa mhusika wako alikuwepo. Bibi huyo ndiye aliyepiga kura ya ndiyo, kwa machozi yake ya mwisho, na akiulizwa leo atasema angepiga tena.

Bibi huyo mpe ukurasa mzima. Asiwe mjinga wala kibaraka. Msomaji akimaliza maneno yake aone aibu kidogo kwa kutaka mjukuu ashinde.

Kisha tazama vizuri kile hasa walichokikataza. Chuki ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani haijawahi kuchoma kijiji, ilichoma ilipoambukizwa. Na huruma vivyo hivyo, haijamwokoa mtu hadi ilipovuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ukishaona hivyo unaelewa kwa nini, katika riwaya zilizo nzuri, dola haijali sana raia anahisi nini akiwa amelala. Inachokiwinda ni ule wakati watu wawili wanapojuana kwamba wote wawili wanahisi.

Nitamwandikaje msimulizi asiyelijua neno "huzuni"?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalolipenda. Ukitumia nafsi ya kwanza, msimulizi wako hawezi kusema "niliumia moyoni". Hana neno hilo. Kumbuka, hata hivyo, kwamba mwili wake haukusoma sheria. Koo linakaba, viganja vinatoa jasho. Anaona hayo na anayapa maelezo ambayo jamii yake imemfundisha. Msomaji anaona yote mawili, dalili na maelezo ya uongo, na katikati yake ndipo panapouma.

Mfano niliouandika kwa ajili ya somo moja, mtu wa nne wa familia akiwa amechukuliwa usiku:

"Mezani vikombe vitatu. Jana vilikuwa vinne. Nimehesabu kuanzia kushoto, kisha kuanzia kulia. Mama amepangusa mahali pa kikombe cha nne, ingawa ni pakavu. Nimejaza fomu ya asubuhi: koo, limekaza, macho, maji kidogo, sababu, vumbi. Mama ameisoma fomu yangu. Amevuta ya kwake, akakaa na kalamu, kisha akaandika: vumbi."

Hakuna neno la hisia hata moja. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi ya ziada mwishoni, "Nilijua anadanganya kama mimi", nikaikata kwa sababu ilikuwa inamfafanulia msomaji kitu ambacho ameshakishika. Na angalia hadithi inaanzia wapi. Msichana akiandika "vumbi" bado ni raia mwema anayejidanganya. Mama akiandika "vumbi", wamekuwa wawili.

Kiswahili kinasaidia au kinakwamisha?

Kinasaidia mno, na ninashangaa watu wanaoandika kana kwamba wanatafsiri. Sikiliza tunavyosema: hofu humshika mtu, hasira humpanda, haya humwingia, majonzi humtanda, furaha humjaa. Mara nyingi kwetu hisia ndiyo mtenda na mtu ndiye mtendwa. Inatoka mahali, inamjia, inamkamata. Dola inayotaka kuzifuta hisia italazimika kuigusa sarufi yenyewe. Fikiria mahakama:

— Nilimsukuma kwa sababu hasira zilinipanda.

— Sema upya. Nani alimpanda nani?

— Hasira. Zilinipanda mimi.

— Hasira si raia, haziwezi kutenda. Sema: nilikasirika.

Na akishasema "nilikasirika" amekiri kosa. Sentensi ya kwanza ilikuwa utetezi.

Au chukua neno "moyo". Kamati ya kamusi imeliacha kwa sababu madaktari wanalihitaji, lakini limebaki jina la kiungo kinachosukuma damu. "Kuvunjika moyo" imefutwa, "kutia moyo" imefutwa. Nesi mzee, kwa mazoea, anamwambia mgonjwa, "Jipe moyo." Mgonjwa anamtazama. "Ninao," anajibu. Nesi anaangalia mlangoni kama kuna aliyesikia.

Unaweza kuandika riwaya nzima kwa vitu hivyo tu.

Lazima kuwe na mapenzi?

Hapana. Waandishi huyatumia kwa sababu yanahitaji watu wawili, na kama nilivyosema, wawili ndio shida ya dola. Lakini ndugu ni wawili, rafiki ni wawili, mjukuu na bibi yule ni wawili. Busu la kwanza linaloangusha utawala limeshachosha. Ningependa kusoma zaidi juu ya kicheko. Watu wawili wakiona kitu kimoja cha kuchekesha kwenye mkutano rasmi, wakakwepa macho ya mwenzake kwa sababu wanajua wakitazamana tu wamekwisha: nionyeshe tukio la busu lenye taharuki kuliko hilo.

Viongozi nao hawahisi?

Amua mapema, kwa sababu ni riwaya mbili tofauti. Wakiwa wanahisi kwa siri huku wakiwanyima wengine, unaandika juu ya unafiki na ubinafsi wa wakubwa. Wakiwa wamejinyima pamoja na watu wao, unaandika juu ya imani. Ya kwanza ni rahisi kuisuka na inamfurahisha msomaji. Ya pili humfuata kitandani.

Ni kosa gani unaloliona zaidi?

Askari anayefoka. Jamii imefuta hasira kwa vizazi vitatu, halafu ofisa wa usalama anaingia anapiga meza, mishipa imemtoka shingoni, anatema mate. Huyo dawa yake imeisha lini? Ofisa wa mji huu angekuja kwa sauti ya mtu anayekukumbusha kufunga bomba. Hilo linaogofya zaidi, tena halikugharimu chochote.

La pili ni nguo za kijivu. Sijui nani aliamua kwamba kutohisi kuna sare.

Riwaya hizi si zinawasema vibaya wanaotumia dawa za sonona?

Zinaweza, na mwandishi anawajibika hapo. Kijana anayetumia dawa aliyoandikiwa na daktari akisoma kitabu baada ya kitabu ambamo shujaa hutupa vidonge vyake chooni na papo hapo akaanza kuishi, anapewa ushauri mbaya. Kuacha dawa hizo ghafla bila daktari kuna madhara yake. Tena sonona mara nyingi yenyewe ndiyo inayomfifisha mtu, na tiba ndiyo inayomrudishia ladha ya mambo. Tofauti iko kwenye nani aliyechagua na kwa ajili ya nani: dawa ya mgonjwa inamtumikia mgonjwa, ya riwayani inaitumikia kamati. Ukiweza, mweke mhusika mmoja anayeijua tofauti hiyo.

Vilevile kuna watu ambao kwa maumbile hupata taabu kutambua au kutaja wanachohisi. Wataalamu huiita hali hiyo aleksithimia. Si roboti na si watu wabaya. Usiwafanye sare ya adui wako.

Zinamfaa mtoto wa miaka 12?

Nyingi zinamfaa, lakini usidanganywe na lugha nyepesi. Ndani ya The Giver lipo tukio la mtoto mchanga ambalo limewatoa jasho watu wazima wengi, na limeandikwa kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la nne angeyasoma bila kukwama. Soma wewe kwanza, au someni pamoja. Akinyamaza baada ya sura fulani usimharakishe kwa "umejifunza nini?" Muulize angefanyaje angekuwa yeye, kisha subiri.

Kwa nini mara nyingi huishia kwa kukimbia?

Kwa sababu mpaka ni rahisi kuuvuka kuliko kuubadilisha mji. Mimi siridhiki sana na mwisho wa kukimbia, ila naukubali pale mhusika anapoacha nyuma mtu ambaye alishamwonyesha kitu.

Nimeandika sura tatu na msimulizi wangu ameshaanza kulia. Nimewahi mno?

Inategemea nani alimwona. Kama amelia peke yake, gizani, amejifunika blanketi, basi machozi hayo hayajaigusa hadithi bado. Unaweza kuyafuta na msuko usitikisike. Usimhamishie sura ya kumi. Mwache alie hapo hapo sura ya tatu, lakini mfungulie mlango, aingie mtu. Si mpenzi, tafadhali. Aingie mtu mwenye cha kupoteza akinyamaza: dada anayesubiri kupandishwa cheo, mwalimu mwenye onyo moja tayari kwenye faili lake. Mtu huyo anasimama mlangoni, anaona, na mfukoni ana fomu ya siku ambayo lazima ijazwe kabla ya taa kuzimwa. Kurasa mbili zinazofuata ziwe zake, kuanzia anapoitoa kalamu.